Kiingereza Chini ya Shali

Kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Mimi nilikuwa dalali wa ngamia pale soko ya mifugo ya Garissa, na dalali mzuri kwetu ni yule hujawahi kusikia sauti yake. Mwenye kuuza anakupa mkono, mnafunika mikono na shali, halafu vidole ndio vinaongea huko ndani. Kidole kimoja kina maana yake, viwili vina yake, mkono mzima ni tano. Watu mia wamesimama wanaangalia shali ikicheza kama kuna paka ndani, na hakuna anayejua bei isipokuwa wale wawili. Ukitaja bei kwa mdomo mbele ya watu, hiyo ni sawa na kuvua kikoi. Mimi nilinyamaza hapo miaka ishirini. Nilinyamaza vizuri mpaka kuna ngamia walikuwa wanakuja kujikuna kwangu, wakidhani mimi ni nguzo ya ua.

Sasa mtu kama huyo ndiye mke wake alimpigia simu kutoka Uingereza kumwambia afanye mtihani wa kuongea.

Huyu mke wangu alikulia kambi ya Dadaab. Akiwa bado msichana, familia yao ikachukuliwa kwenda Uingereza, na huko akapata makaratasi yote, hata yale ya kupiga kura. Alirudi Garissa kusalimia habaryar yake, yaani mama mdogo, akakuta mimi. Tukaoana, akarudi kazini kwake, anaosha wazee wa kizungu na kuwalisha. Msichana wetu alizaliwa huko. Aliletwa Garissa mara moja tu, akiwa bado hajui kutembea. Baada ya hapo tulikuwa tunaonana kwa simu.

Siku moja mwalimu wa chekechea alimuuliza mtoto, baba yako yuko wapi? Mtoto akaonyesha mkoba wa mama yake. Kwa sababu simu inakaa humo.

Mke wangu alinipigia usiku huohuo. Hakulia. Yeye halii, anapanga.

"Ina adeer," akaniambia. Ndivyo tunaitana, mtoto wa ami, hata kama si ndugu. "Huyu mtoto anafikiri wewe ni simu. Mwaka ujao anaanza shule kubwa. Siku hiyo nataka umshike mkono umpeleke mpaka mlangoni."

"Nitampeleka."

"Basi utafanya mtihani wa Kiingereza."

"Kwani shule anaanza yeye au naanza mimi?"

Hakucheka. Akaanza kunitumia mpango wake kwa sauti, kwa simu, kipande kwa kipande. Mpango ule ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Mandera na hauna mashimo hata moja. Alisema mitihani ni mitatu. Wa kwanza ni mdogo, wa kupata viza, ni kusikiza na kuongea tu. Hapo nilisema alhamdulillah, kwa sababu kalamu mimi naijua kwa sura. Wa pili unafanywa ukishakaa huko miaka miwili na nusu. Wa tatu ni wa kukaa kabisa. Nikamuuliza kama wa nne ni wa kuzikwa.

Nikampa wazo langu. Mbuzi wakichanjwa, wote wanapitishwa siku moja na daktari anaenda zake. Kwa nini nisifanye mitihani yote mitatu asubuhi moja, nile chakula, nirudi Garissa?

"Cheti kinakufa," akasema. "Kikimaliza miaka miwili ni takataka. Na hata huu wa kwanza hutafanya sasa. Utafanya ukikaribia kupeleka makaratasi, yangu ya mshahara yakiwa tayari na yako yakiwa bado yana uhai. Wewe ulishaona mtu anapakia ngamia mwezi mzima kabla ya kuhama?"

"La."

"Kwa nini?"

"Ngamia atalala na mzigo."

"Basi tulia."

Nikatulia. Lakini Kiingereza ilibidi nianze, na mwalimu wangu alikuwa na miaka minne. Kila jioni mke wangu anaweka simu mbele ya mtoto, mimi nakaa kwa mkeka huku Garissa nafundishwa. Huyu mwalimu alikuwa mkali kuliko maaskari wote wa kaunti. Alinifundisha kusema, kwa Kiingereza safi, kwamba sina usingizi. Alinifundisha kusema ni yangu, si haki, yeye ndiye ameanza, na nataka dakika tano zingine. Nikikosea ananizimia simu. Mwisho wa mwaka nilikuwa naongea Kiingereza cha Uingereza kabisa, cha mtu anayekataa kuoga.

Pale sokoni nilikuwa na mwenzangu, dalali kama mimi, mnene, mtu ambaye alikuwa anapumzisha ulimi mikono ikiwa ndani ya shali tu. Alikuwa anasikiza hayo masomo.

"Waryaa, wewe," ananiambia, "malkia akikuuliza kitu utamwambia hutaki kulala?"

"Akiniambia nilale, ndio."

"Mke wako amekosa wanaume wenye sauti?"

"Amechagua ngamia kwa miguu. Hakuangalia mdomo."

Wakati ukafika. Mke wangu akanunua nafasi ya mtihani huko Nairobi, nikapanda basi. Njiani niliulizwa kitambulisho, jina, natoka wapi na naenda wapi kwa vizuizi vya polisi vingi sana, mpaka nikaona mtihani umeshaanza tangu daraja ya Tana.

Mtahini alikuwa kijana wa tai, mpole, ana mikono laini kama ya mtoto wa kadhi. Tulikuwa ndani ya chumba kidogo, yeye, mimi, meza, na mashine nyeusi juu ya meza. Akasema mashine hiyo inarekodi kila kitu, na kuna watu wataisikiza baadaye.

Nikajibu jina. Nikajibu natoka wapi. Akauliza kama nina watoto, nikasema mmoja, msichana, ni mkali. Akauliza kama nimechoka na safari, nikasema sina usingizi. Aliandika kitu. Nikaona mambo yanaenda.

Halafu akasema tufanye kama tuko sokoni. Mimi nauza, yeye ananunua. Nauza nini? Nikasema ngamia. Akafurahi. Akauliza ngamia wangu ni bei gani.

Hapo ndipo kazi yangu ya miaka ishirini iliniamkia. Niliangalia ile mashine. Kuna watu ndani wanasikiza, tena amesema mwenyewe. Na huyu kijana ananiambia nitaje bei. Nikamwonea huruma, nikaona hana mtu wa kumfundisha. Nikatoa shali begani, nikafunika meza, nikachukua mkono wake chini yake, nikampa bei.

Hakuvuta mkono. Nadhani aliogopa. Akauliza tena, pole pole, ngamia ni bei gani? Nikaona ni mtu mgumu wa kununua, nikashuka kidogo. Nikabonyeza. Akauliza mara ya tatu, sauti imekuwa nyembamba. Nikashuka tena. Wallahi yule ngamia nilimshusha mpaka karibu nimpe bure na kamba yake, na yule kijana hajarudisha kidole hata kimoja. Sijawahi kukutana na mnunuzi kama huyo kutoka Liboi mpaka Moyale. Tulikaa hapo tumeshikana mikono, mashine inarekodi kimya chetu, mpaka saa yake ikalia na akaniambia asante.

Nilitoka nikijua nimepita. Nilimwambia mke wangu yule kijana ameshindwa kabisa.

Matokeo yakatoka. Nimeanguka. Waliosikiza mashine walisema sehemu ya pili mtahiniwa hakuongea.

Mke wangu aliponiuliza nikamweleza kila kitu, shali, mkono, kila kitu. Akaniambia nirudie, nikadhani mtandao wa Garissa umekwenda kuswali.

"Ulimshika mkono," akasema.

"Kuna watu walikuwa wanasikiza."

"Ina adeer. Kusikiza ndio kazi yao." Akapumua. "Nafasi nyingine iko mwezi ujao. Ukianguka tena, makaratasi yangu ya mshahara yatakuwa yamezeeka, tunaanza upya, na shule haitangoja. Mtoto atapelekwa na simu."

Akakata. Mimi nikabaki nimeshika hiyo simu, nikaiangalia, nikaiona iko na mlango wa shule ndani yake, na mtoto amesimama peke yake.

Kesho yake nikamwambia mwenzangu sokoni. Alicheka akaegemea ngamia, ngamia akahama. Akimaliza kucheka akawa mtu.

"Shida yako si Kiingereza," akasema. "Mdomo wako umelala. Uamshe."

"Kivipi?"

"Taja bei. Hapa. Kwa sauti."

"Wewe una wazimu."

"Kule Nairobi utataja kitu hujawahi kutaja maisha yako yote? Mtu anajifunzia kuogelea ndani ya nyumba?"

"Nikitaja hapa, nani atanipa mkono tena?"

Akaangalia shali yangu. Alijua, na mimi nilijua.

Siku ya soko ikafika. Mzee mmoja kutoka upande wa Takaba alikuwa ameleta dume zuri, refu, mtu akipanda juu yake anaweza kuona Makka kama hakuna vumbi. Akanipa mkono tufunike. Sikufunika. Nilisimama katikati ya ua, nikataja bei ya lile dume kwa Kisomali. Halafu kwa Kiswahili. Halafu, bismillahi, kwa Kiingereza cha mwanangu.

Soko likanyamaza. Mimi nimesikia soko la Garissa likinyamaza mara hiyo moja tu. Mbuzi waliacha kulia. Lile dume lilikuwa linatafuna, likasimamisha taya hapo hapo, majani yananing'inia. Mzee alivuta kitambaa chake akafunika masikio, akachukua kamba ya mnyama wake, akaondoka bila kunitazama, kama mtu anayempitisha mama yake mahali pabaya.

Mwenzangu alikuwa karibu yangu. Akasema pole pole, "Sasa sema tena, lakini mwisho ulimeza."

Nikasema tena.

Nilitaja bei kila siku ya soko mpaka safari. Nilitaja bei ya ngamia, ya mbuzi, ya maji, ya punda ambaye hauzwi. Mikono ikaisha. Watu walinisalimia vizuri, salaam aleikum, habari ya nyumbani, lakini mkono ukifika wanaweka kifuani. Nikawa natembea na shali yangu kama mtu aliyebeba mlango na hana nyumba.

Mtihani wa pili nilikutana na mama wa makamo, ana miwani. Huyu hata ningetaka nisingemshika mkono. Akasema tufanye kama tuko sokoni. Nikamtajia bei kabla hajamaliza. Akasema ni ghali. Nikamwambia si haki. Akasema atanunua kwa jirani yangu. Nikamwambia jirani ndiye ameanza. Akaomba muda wa kufikiri, nikampa dakika tano zingine. Yule mama aligeuza uso akakohoa sana, mpaka nikadhani ana vumbi. Nikapita.

Mke wangu akachukua kile cheti kikiwa bado na joto, akakiunganisha na makaratasi yake, akapeleka. Viza ikatoka shule ikiwa bado haijafunguliwa. Akasema atakuja kunichukua yeye mwenyewe, kwa sababu nikiachwa peke yangu uwanja wa ndege naweza kutaja bei ya ndege.

Wakaja. Mtoto alishuka kwa gari, akasimama mbele yangu, akachukua simu kwa mkoba wa mama yake. Akaangalia picha yangu, akaniangalia mimi, akaangalia picha. Halafu akarudisha simu ndani ya mkoba, akafunga zipu.

Siku ya mwisho nilimpeleka sokoni aone kazi ya baba yake, ambayo haikuwepo tena. Alipenda ngamia. Mama yake alikuwa ndani ya gari, jua kali, anapiga honi twende, bado kuna mizigo ya kufunga. Mtoto akasema kwa Kiingereza kwamba anataka dakika zingine. Mwenzangu dalali alikuwa amesimama hapo na watu wengine kumi, wote wanatuangalia kama tunauza kitu.

Nikatoa shali begani. Nikamweleza mwalimu wangu kwamba kwetu haya mambo hayasemwi mbele ya watu, kidole ni dakika. Akaelewa kabla sijamaliza. Nikafunika mikono, nikampa kidole kimoja. Akakisukuma. Nikampa viwili. Akachukua mkono wangu wote kwa mikono yake miwili, akafinya, na uso wake hauonyeshi kitu kabisa, kama nguzo ya ua. Nikajaribu kushuka. Hakuachilia.

Honi ikalia tena. Tulikubaliana, nikatoa shali, nikaweka begani, mkono wake ukabaki kwangu. Wale watu walikuwa wamesogea.

"Waryaa," mwenzangu akaniuliza, "amekupiga ngapi?"

Mimi na msichana wangu tukamwangalia. Halafu tukaenda kuona ngamia.