Visanduku Viwili vya Mama Kaboni

Mimi ni tarishi. Kazi yangu ni kubeba barua za wenzangu, na kwa miaka kumi na saba sijawahi kuichukia bahasha kama nilivyoichukia ile ya Mama Kaboni.

Alikuwa mpiga chapa wa Katibu Mkuu wa serikali. Tulimwita hivyo kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyeusi siku zote kwa karatasi za kaboni, hata akiwa ametoka kuoga. Wenzake walishahamia kwenye kompyuta. Yeye alibaki na taipureta yake nzito, akaishonea kifuniko cha kitambaa, na ole wako uweke kikombe karibu nayo. Alikaa ofisi ile miaka ishirini na tisa, na alilala nyuma ya jengo katika nyumba ya vyumba viwili inayokwenda na kazi. Ukitoka kazini, unatoka na nyumbani.

Baba yake alikuwa mtu wa kanisani, mama yake wa msikitini. Walipooana, wazee wa pande mbili waliwapatanisha: mtoto wa kwanza wa baba, wa pili wa mama. Kaka akabatizwa, dada akapelekwa madrasa. Kisha akazaliwa yeye, na mapatano hayakusema lolote kuhusu wa tatu. Kila upande uliogopa kuambiwa umejichukulia wawili kwa mmoja, basi akaachwa kama kiporo ambacho kila mtu anadhani mwenzake atakila. Hata jina alipewa la ua, lisilo na dini.

Tulipofanya uchaguzi uliokosa mshindi, watu wa kanisani na wa msikitini walichomeana nyumba wiki tatu. Wakubwa walipoona moshi unakaribia mitaa yao wenyewe, wakakubali kuunda baraza la mawaziri la pamoja. Wakakutana katika ukumbi wetu kugawana wizara. Lakini nani apige chapa mkataba? Wa kanisani alikataliwa na upande huu, wa msikitini na upande ule. Kompyuta nazo walizikataa, maana zina kumbukumbu. Walitaka nakala mbili tu, na kaboni ichomwe mbele ya macho yao. Hapo Katibu akamkumbuka mama yetu.

Alifurahi, nisiseme uongo. Alinunua viatu vipya. Maisha yake yote kukosa upande kulikuwa aibu, sasa kumekuwa cheo.

Siku ya tisa walileta kipengele kipya. Nafasi zote za ofisi ya baraza, kuanzia makatibu mpaka wafagiaji, zigawanywe nusu kwa nusu. Kila mfanyakazi ajaze fomu yenye visanduku viwili, na aambatishe barua ya kiongozi wake wa dini. Mashine ikanyamaza. Mama Kaboni alitoka na ile karatasi, akamkuta Katibu kwenye korido. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na mafaili yangu.

"Mzee, mbona visanduku ni viwili tu?"

"Kwani kuna pande ngapi?"

"Na asiye na upande?"

"Mama, wewe piga chapa tu. Nani atakugusa wewe?"

Akarudi, akapiga chapa visanduku viwili, vimenyooka kama kawaida yake. Hilo ndilo kosa lake, na mpaka leo linanitia hasira. Alikuwa ameandika sheria za watu kwa muda mrefu mno hata akadhani hazimhusu.

Fomu zilipotoka akaanza kutafuta barua. Alikwenda kwanza kwa kaka yake, mzee wa kanisa. Kaka alimwambia nusu yao imejaa, tena kila mtu anajua kwamba Ijumaa anakula kwa dada yake. Akamtolea na methali: mshika mbili moja humponyoka.

"Mimi sikushika hata moja, kaka," alimjibu. "Nyinyi ndio mlioshika zote."

Dada, mke wa imamu, alimpokea vizuri, akamwekea chai, akamwita kipenzi chake. Barua hakumpa. Alisema wataambiwa wamemwingiza mtu wa kaka kwa mlango wa nyuma. Pia ilikuwapo habari nyingine, akaisema huku anatazama kikombe: nafasi ya mpiga chapa wa upande wao ilishachukuliwa. Aliyepewa ni bintiye wa kwanza, yule ambaye Mama Kaboni alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kurudisha fomu alipiga chapa kisanduku cha tatu kwenye fomu yake, kidogo, pembeni, akatia alama humo. Fomu ilirudishwa imeandikwa kwa wino mwekundu: imeharibiwa.

Baraza jipya likakaa. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona. Waligombana saa nzima nani atangulie kuomba dua. Waligombana viti, wakagombana nani akae upande wa dirisha. Katibu aliposoma kwamba wenye fomu zilizoharibika waondolewe, mikono yote ikapanda. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana, wala halikuchukua dakika. Mwenye fomu kama hiyo alikuwa mmoja tu.

Mpiga chapa mpya alikuwa hajaripoti, kwa hiyo barua ya kumfukuza Mama Kaboni ilipigwa chapa na Mama Kaboni. Nakala mbili. Katibu alikuwa ameandika miaka ishirini na saba ya utumishi. Mama Kaboni akamsahihishia, ishirini na tisa. Katibu akatia sahihi bila kumtazama, akaifunga bahasha, akanipa mimi. Utaratibu ni utaratibu: barua hupelekwa na tarishi, na mpokeaji husaini kitabuni. Kutoka meza ile hadi meza yake ni hatua nne. Nilizitembea, Mungu anisamehe, nami nina kisanduku changu.

Alifuta vidole, akasaini. "Andika na saa," aliniambia. "Wasije wakasema hukuifikisha."

Mchana ule ule binti wa dada yake aliletwa na gari, na masanduku yake nikaambiwa niyapeleke nyumba ya nyuma. Baraza bado lilikuwa limekataa kompyuta. Binti akaketi mbele ya taipureta, akaigusa huku na huku, mwisho akamwita yule aliyekuwa anatoka na mizigo.

"Mama mdogo, hivi kaboni inawekwaje?"

Mama Kaboni aliweka mizigo chini. Akamwonyesha, akarudia mara ya pili, kisha akamfunga leso vidoleni asije akachafuka.