Msumari wa Bi Mkasi

Jirani yangu wa ukuta mmoja alinikuta naanua nepi, akaanza hata salamu hatujamaliza.

"Mama Kachanga, huyo bosi wenu kashikwa pabaya. Yule binti mgeni anajua siri yake. Kama si hivyo, nani anasemwa mbele za watu, halafu kesho yake anammiminia chai aliyemsema? Na kile kiti cha msaidizi, nasikia kishapata mwenyewe."

Nikaanua nepi nyingine. Siri sikuijua, lakini ile chai niliiona kwa macho yangu.

Bosi wetu tunamwita Bi Mkasi. Mwanamke mfupi, chaki ya kuchorea vitambaa haibanduki sikioni. Alianza na cherehani moja ya miguu barazani kwao, leo ana karakana nzima, tunashona sare za shule. Vitambaa vyote anakata yeye, kwa mkasi mkubwa uliofungwa kitambaa mpinini, na hakuna anayeugusa. Mimi nimewahi kuupaka mafuta, basi.

Kando ya meza yake pana kiti kitupu tangu msaidizi wake ahame. Nilikitaka kiti hicho. Pana dirisha, na chini ya meza ningeweza kumlaza mwanangu bila vumbi la nyuzi kumwingia puani. Kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa ndiyo Bi Mkasi, sawa Bi Mkasi, hapo umepatia Bi Mkasi.

Ukutani palikuwa na msumari. Ukiharibu kazi, anaitundika pale mpaka jioni, kila mtu aione. Hatukani. Anatundika, anarudi kukata. Kaptula yangu niliyoishona mfuko ukazibika mdomo ilishinda pale, nami nikashinda nanyonyesha nimegeukia mlangoni.

Ndipo akaja Redio, yule binti mgeni. Tulimpa jina hilo kwa sababu hazimiki.

Siku moja shule ilirudisha bunda zima la mashati, kisa shati moja lenye mikono miwili ya kushoto. Bi Mkasi akalinyanyua, huku anaelekea msumarini, akauliza la nani.

"Langu," Redio akasema. "Nililiona kabla halijatoka. Nikalificha katikati ya bunda."

"Ukalificha."

"Nilikuwa naogopa huo msumari. Na si mimi peke yangu, Bi Mkasi, wenzangu wanaogopa tu kusema. Kazi ikiharibika tunaizika, maana ukija nayo unaanikwa."

Shingo ya Bi Mkasi ilikuwa imesimama mishipa. Nilingoja amfukuze. Kusema kweli, niliomba amfukuze.

Akaweka mkasi mezani. "Wengine mnasemaje?"

Nikawahi mimi. "Mimi sioni tatizo, Bi Mkasi. Msumari unatunyoosha."

Akanitazama kidogo, kisha akamgeukia Redio. "Imeniuma. Sitakujibu sasa hivi, maana nitakujibu vibaya. Niache nikalale nayo."

Asubuhi tulikuta tundu ukutani. Msumari kaung'oa. Akatuambia anayekosea ailete kazi mezani kwake, wafumue pamoja, na ya kwanza kufumuliwa ikawa yake mwenyewe, sketi aliyoikata mistari ikaenda upande. Halafu akachukua chupa ya chai, akammiminia Redio kabla yetu sote.

Tangu hapo ikawa Redio asubuhi, Redio jioni. "Redio, hebu njoo uone hii." Wanainama pamoja juu ya kitambaa, wanacheka kicheko cha chini ambacho mimi sikuwahi kucheka naye. Hata mwanangu, msaliti mdogo, akimwona Redio anarusha miguu. Na juzi niliinua macho nikauona mkasi mkononi mwake. Ule mkasi. Nilikata uzi kwa meno mpaka fizi ikaniuma.

Ijumaa wenzangu walipokuwa wanafunika cherehani, Bi Mkasi akaniita. "Mama Kachanga, baki kidogo."

Alimpokea mtoto, akamlaza juu ya rundo la vipande vya kitambaa, akavuta kile kiti kitupu. "Kaa."

Nikakaa. Kilikuwa kigumu kuliko nilivyodhani.

"Nasikia huko mtaani nimeshampa Redio kiti hiki."

"Sijui, Bi Mkasi."

"Unajua. Sijampa mtu. Redio ana mkono wa kukata, namfundisha akate. Wa kukaa hapa nataka awe mtu wa kunishtua nikianza kuteleza. Nikakufikiria wewe, macho yako hayapitwi na kitu. Lakini kaptula yako ilishinda pale ukutani, ukageukia mlangoni, nilikuona. Na bado ukaniambia huoni tatizo."

Nilitazama mikono yangu. Kisha nikamtazama yeye. Alikuwa na mstari mweupe wa chaki shavuni, tangu asubuhi. Niliuona alipoingia, nikanyamaza.

"Basi nakuomba kitu, mwanangu," akasema. "Jumatatu, kabla hujafunua cherehani yako, njoo hapa uniambie jambo moja ninalolifanya linalowaumiza. Moja tu. Na usianze kwa kunisifu."