Fundi wa Kilio

Niliacha kutengeneza injini za mitumbwi pale bandarini nikaanza kuhudumia jenereta za majumbani, zile ambazo sisi Kalemie tunaziita grupu. Niliona kazi iko wazi kabisa. Umeme wa mji unakuja unapotaka wenyewe, na kila mwenye uwezo ana grupu yake nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, haiguswi miezi na miezi. Siku inapohitajika, haiwaki. Mimi ningepita mapema, nibadilishe oili, nimwage petroli iliyochacha, niijaribu, niende zangu. Nani angekataa?

Walikataa karibu wote. Mjinga mimi, nimezaliwa mji huu na sikuliona hilo. Kwetu, grupu ikitolewa uani ikanguruma mchana, watu wanajua kuna kilio: taa na spika zinaandaliwa kwa ajili ya mkesha.

Mteja wangu wa kwanza, mama mmoja anayeuza vitenge kutoka Kigoma, alikubali bila kufikiri. Grupu haijapata hata moto, majirani wakaanza kuingia, vitenge viunoni, wengine wanalia tayari. Mume wake alikuwa amelala ndani na malaria. Alijikokota mpaka mlangoni kuuliza nani amekufa.

"Papa, beba vyombo vyako," mama akaniambia. "Unatuitia kifo."

Tangu hapo nikawa fundi wa kilio. Nikiitwa, ujue maiti iko ndani na grupu imegoma. Wafiwa walinitazama kwa jicho baya, nami nikawakasirikia kimoyomoyo: plagi nyeusi ti, petroli ya mwaka jana, halafu mwenye mkosi ni mimi! Lakini nilikula kwa misiba yao, na chakula kile hakikunishuka vizuri.

Halafu mama yangu akaugua. Grupu ya nyumbani ilikuwa yake, na alipokuwa mzima hakuniruhusu kuigusa, hata mimi mwanawe. Ugonjwa ulipomzidi, asubuhi moja aliomba tumkalishe mlangoni.

"Mutoto wangu, angalia ile grupu."

"Iko muzuri, Mama," nikamdanganya.

"Haiko muzuri. Sitaki batu bakae mu giza ku kilio yangu."

Nikamwambia majirani watasikia.

"Basikie."

Nilibadilisha oili polepole. Nikasafisha plagi, nikaifuta tena ingawa ilikuwa safi. Nikashika kamba ya kuwashia, nikaiachia. Nilikuwa naogopa, na sioni aibu kusema.

"Vuta," akasema.

Iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Siku zote fundi anaomba hivyo. Mimi siku ile nilikuwa nimeomba isiwake. Mama aliisikiliza kidogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Basi, zima. Usimalize mafuta. Utaiwasha siku yenyewe."

Nikazima.