Msingi Namba Nane

Valeria alichora ramani za nyumba mjini Karatu, mwaka wake wa kumi na moja katika ofisi moja, ghorofani juu ya duka la saruji. Msanifu alikuwa Adrian; yeye alitia saini, Valeria alichora. Kwa miaka yote hiyo ofisi ilifanya kazi kwa njia moja: kazi mpya ikija, faili la kazi ya zamani linafunguliwa, yasiyohitajika yanafutwa, jina linabadilishwa. Mengine yalisahaulika. Ndiyo maana ramani ya zahanati moja ya Malambo iliwahi kutoka na beseni kubwa la kuogea la lodge ya watalii, na wazee wa kule wakauliza kwa adabu kama ofisi imewawekea josho la mbuzi.

Mwaka huu Valeria aliomba miezi mitatu. Alikusanya michoro yote ya kina, ile inayoonyesha kwa ukaribu sehemu moja ya jengo, kama msingi, lenta ya juu ya dirisha au kenchi ya paa, akaipanga ndani ya kiolezo kimoja kwenye kompyuta ili kila ramani mpya ianzie hapo. Adrian alikubali shingo upande.

"Tukijaribie kwenye kazi moja," alisema. "Ikienda sawa, kibaki. Ikiharibika, tunarudi kunakili."

Michoro hiyo ilikuwa na namba tangu enzi za marehemu Martini, mchoraji wa zamani wa ofisi, aliyeichora kwa mkono. Ilianza moja ikaishia sitini na nne, na kila mchoro ulipewa namba siku ulipohitajika, hivyo choo kilikaa jirani na kenchi, na mlango jirani na tangi la maji. Valeria aliipanga upya jinsi jengo linavyopanda, kutoka msingi hadi paa, akaipa namba mpya. Alipomaliza aliiangalia kwa muda mrefu, akaridhika.

Kazi ya majaribio ilikuwa nyumba ya walimu huko Buger, kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Mhandisi aliagiza msingi mpana wenye nondo. Katika kiolezo kipya, huo ulikuwa namba nane.

Jumanne asubuhi simu iliita. Alikuwa mzee Sylvesta, fundi mkuu wa kazi ile, mtu wa Mbulu aliyejengea ofisi hiyo tangu Valeria akiwa shule ya msingi.

"Binti, nondo mlizoniletea ni za nani?"

"Shikamoo, mzee. Ni za msingi."

"Marahaba. Msingi gani? Nane haina nondo. Nimezipanga pembeni, mje mzichukue. Sisi tunamwaga zege."

Valeria alisimama. "Nane ipi, mzee?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Simamisha kazi. Nakuja sasa hivi."

"Binti, zege halilali," alisema mzee, na mtandao ukakatika.

Bodaboda ilimfikisha baada ya karibu saa nzima, vumbi hadi kwenye kope. Mtaro wa msingi ulikuwa na upana wa futi moja na nusu. Ulitakiwa kuwa futi tatu. Upande mmoja mzima ulikuwa umekwisha kumwagwa zege.

Alikuja na maneno tayari. Alifunua ukurasa wa mwisho wa ramani, akaweka kidole.

"Mzee, nane ni hii. Hukufungua huku?"

Sylvesta hakuuangalia ukurasa. Alitoa kwenye mfuko wake wa zana karatasi moja iliyopigwa plastiki, kingo zimelika. Ilikuwa michoro ya Martini, yote sitini na nne.

"Nane ni hii," alisema. "Msingi mwembamba, udongo mwekundu. Nimeumwaga Rhotia, nimeumwaga kila mahali. Nikiona nane kwenye ramani, mkono unajua. Wewe umehamisha mlango wa nyumba yangu mimi nikiwa shambani, halafu unaniuliza kwa nini nimegonga ukuta?"

Valeria alimweleza kuwa amebadilisha namba, na kwamba udongo huu mweusi unataka msingi mpana wenye nondo. Mhandisi alikuwa sahihi, ramani ilikuwa sahihi, na nyumba ingepasuka.

"Ninyi fukueni," Sylvesta aliwaambia vibarua.

"Asante, dada," alitania Kornelio, kibarua kutoka Singida, akichukua sururu. "Tulikuwa tunalia hatuna kazi ya kurudia."

Waliufukua upande ule, wakautanua mtaro, wakaanza kufunga nondo. Wakati huo Valeria alikaa juu ya tofali na daftari, akamwomba mzee amtajie namba anazozijua. Alizitaja kwa kichwa, moja baada ya nyingine. Alikwama kwenye tatu tu, ambazo hazijawahi kujengwa.

Kesho yake Adrian alikuwa ameshasikia. "Kwa hiyo tunarudi kunakili?"

"Hapana. Tazama."

Adrian aliangalia skrini. Mpangilio ulikuwa ule ule, msingi hadi paa, lakini namba zilianzia mia moja na moja.

"Nyumba ya vyumba viwili ina mchoro namba mia na nane? Watu watadhani tunajenga ghorofa."

"Wadhani. Moja hadi sitini na nne zina wenyewe. Fundi akikutana na namba asiyoijua, atafungua kurasa."

"Na lile zege la jana?"

"Nitaliandikia maelezo. Kosa ni langu."

Adrian alishusha orodha hadi mwisho, akairudisha juu taratibu. Kisha akamwambia aanze kukitumia kiolezo hicho kwa ramani ya kanisa, kazi mpya iliyokuwa ikisubiriwa.