Mpishi wa Timu na Majani ya Migomba

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa timu yetu ya mpira hapa Chonyonyo. Nilipika ndizi na maharage, nikapakua kwenye sahani za plastiki za kutupa, na mechi ikiisha nilizikusanya pamoja na chupa za maji nikazichoma nyuma ya goli. Moshi ule ulimfanya hata kipa akohoe. Hakuna aliyelalamika, au labda walikuwa wananiogopa.

Kisha kipa wetu akaoa binti wa kijiji cha Nyakatuntu. Hata mwezi haujaisha, binti akasimama kwenye kikao cha klabu akasema tuache plastiki, tupakulie kwenye majani ya migomba, na maji yachemshwe nyumbani yaletwe kwa madumu. Watu wakapiga makofi. Majani ya migomba! Kana kwamba bibi yangu hakutulisha juu ya majani hayohayo tangu sijaota meno. Mwenyekiti akamsifu kwamba ana akili sana, akamtia kwenye kamati ya klabu, mimi akanikabidhi madumu ya kuosha.

Nilimwonea wivu, sifichi. Alinisalimia "Shikamoo, mama" kwa adabu zote, nami nikaitikia "Marahaba" nikiangalia pembeni. Wachezaji niliowalea kwa mwiko wangu sasa walimkimbilia yeye. Nyuma ya goli, pale nilipokuwa nachomea takataka, nyasi zilianza kuota, na hizo nyasi nazo nilizichukia.

Kitu kimoja tu kilinifurahisha: kazi yake ilikwenda polepole. Alikata majani kwenye kibanja chake, ile migomba inayozunguka nyumba, na kwenye vibanja viwili vya majirani. Kila alipotoka kibanja kimoja kwenda kingine aliwasha moto mdogo, akalipitisha panga lake motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Sote tulifundishwa hivyo na bwana shamba, kwa sababu ya mnyauko, ugonjwa wa migomba unaosafiri na panga. Lakini nani alikuwa na muda? Nilimcheka mbele ya wenzangu: "Mwangalieni, anachoma panga au anachoma nyama?"

Timu ya Nyakakika ilipokuja kucheza kwetu, nikaamua kwamba siku hiyo majani yatakuwa yangu. Alfajiri nikapita nyumba kwa nyumba, karibu kijiji kizima, kwa panga moja, bila kuwasha hata kiberiti. Kwa mjane mmoja niliona mkungu umeiva kabla haujakomaa, dalili ambayo hata mtoto wa hapa anaijua. Niliuona, nikakata majani, nikaendelea. Nilifika uwanjani na majani ya kutosha kuezekea nyumba. Wageni wakasifu, mwenyekiti akanishika mkono, na yule binti akasema, "Mama, leo umetushinda." Sijawahi kula ndizi tamu kama za siku ile.

Wiki chache baadaye migomba ikaanza kunyauka, kibanja baada ya kibanja, kwa njia ileile niliyopita. Kwangu pia. Tuling'oa, tukakatakata, tukafukia. Mjane yule hakubakiwa na mgomba hata mmoja.

Kikao kikaitishwa. Mzee mmoja akasema majani ndiyo yaliyoleta balaa, turudi kwenye plastiki, na aliyeleta wazo hilo atoke kwenye kamati. Macho yote yakamgeukia binti wa Nyakatuntu. Nilichokitamani siku zote kilikuwa kimejileta chenyewe. Mimi nilitakiwa kufunga mdomo tu. Nikaufunga. Tena nikaona raha, Mungu anisamehe.

Ndipo akasimama, akapiga magoti kidogo mbele ya wazee. "Wazazi wangu, kama ni majani, basi ni mimi. Wazo lilikuwa langu. Nisameheni, ila naomba msirudishe plastiki."

Nyuso zikalainika palepale. Nikawaona wanaanza kumpenda upya, na wanampenda kwa kosa langu mimi. Hilo lilinishinda kabisa.

Wapo wanaosema leo kwamba dhamiri ndiyo iliyoninyanyua. Si kweli. Nilinyanyuliwa na wivu uleule.

"Kaa chini, mwanangu," nilimwambia. "Panga lilikuwa langu, na sikulichoma."