Mwizi wa Lenzi

Fundi saa alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Ukimsalimia kwa uchangamfu, anajiuliza unataka nini. Kwa hiyo ilipopotea lenzi yake, ile ya kubana jichoni ambayo bila hiyo haoni skrubu ya saa, hakuhangaika kuitafuta. Alianza moja kwa moja kumtafuta mwizi.

Mwizi wa karibu alikuwa fundi redio. Miaka kumi na minane walikaa meza moja, barazani kwa duka la madaftari, meza waliyoiunda kwa mikono yao wenyewe. Siku hizi fundi redio alikuwa na mambo. Kila saa nne asubuhi anaaga, "Nanyoosha miguu," kisha anarudi magoti yana vumbi, shati lina unga wa manjano, na simu anailaza kifudifudi. Dalili ya mvua ni mawingu, akajisemea fundi saa. Na lenzi nzuri haikosi mnunuzi.

Siku ya tatu akamnyatia. Akamkuta nyuma ya duka la dawa, kapiga magoti mbele ya maua yaliyojiotea chini ya ukuta, simu karibu iyaguse. Kwenye kamera kitu kikametameta, kimebandikwa kwa selotepu.

"Mwizi mkubwa wewe!" fundi saa akapayuka. "Miaka yote hii nakula na wewe, kumbe unanila mimi!"

Watu wakajaa, na wateja wao wamo. Fundi redio akabandua selotepu taratibu, akafungua kiganja. Kilenzi kidogo kama punje ya dengu, alichokichomoa kwenye mashine mbovu ya kuchezea diski.

"Hiki utakibana kwa jicho gani, bwana? La kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi saa hakucheka, maana alishageuziwa simu: chavua, ule unga wa manjano wa ua moja, imejaa kioo kizima, chembe moja moja unaweza kuzihesabu. Picha zilipita mia. Yeye ambaye riziki yake ni kutazama vitu vidogo hakuwahi kuona kizuri namna ile.

"Mbona hukunionyesha?"

"Wewe? Ungenicheka mpaka mwaka uishe."

Kweli, angemcheka.

Jioni ile lenzi ikapatikana ndani ya bitana ya koti la fundi saa mwenyewe, imepenya kwenye mfuko uliotoboka.

Kesho yake akawahi kazini aombe radhi. Akamkuta fundi redio keshafika, ana msumeno, futi ya kupimia na mbao nne fupi. Katikati ya meza alishachora mstari.

"Lenzi nimeipata, ndugu yangu. Nisamehe."

"Nilijua utaipata. Nimeshakusamehe. Hebu shika huko, meza isije ikapasuka."

Fundi saa akashika. Msumeno ulipofika mwisho, fundi redio akaanza na nusu ya mwenzake, akaipigilia miguu miwili, akaitikisa kuhakikisha haiyumbi. Kisha akajitwika yake pamoja na mbao zake mbili, akavuka barabara.