Lumbwi Aliyetoka Kabla ya Siku Zake

Jembe langu ndilo lililomtoa. Nilikuwa nalima tuta la muhogo nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, kijijini Munje, mwaka ule wa Uhuru, udongo umelainika kwa mvua za vuli, jembe likakata kitu kisichokuwa jiwe wala mzizi. Nilipofukua niliona mayai meupe, madogo kama kunde, yenye ngozi laini. Mengi nilikuwa nimeshayaponda. Moja lilikuwa limechanika ubavuni, na ndani yake kitu kilikuwa kikitikisika.

Alikuwa mtoto wa kinyonga. Sisi tunamwita lumbwi, na tunamwogopa. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba akikugusa utaota mabaka mwilini, na wenye ushujaa walikuwa wakimtilia ugoro kinywani, wakamtazama akibadilika rangi mpaka afe. Mimi mwenyewe nikimwona lumbwi kwenye ua nilikuwa napiga kelele zinasikika kisimani. Lakini huyu alikuwa amejikunja, hazidi ukucha wa kidole gumba, macho hayajafunguka, na kitovuni bado kimening'inia kiini cha njano. Siku zake zilikuwa hazijatimia. Ningeweza kumfukia nikaendelea na tuta langu. Sikuweza.

Wala haikuwa huruma ya wanyama, nisiwadanganye. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejifungua mtoto wa kiume wa miezi saba. Alikaa nasi siku chache, akatutoka. Tangu hapo wanawake wenzangu walikuwa wakija kwetu na watoto wao wachanga, na nikinyoosha mikono nimpokee mtoto, mama humhamishia bega la pili. "Amelala huyu, usimwamshe," na mtoto mwenyewe amekodoa macho ananitazama! Hakuna aliyenitamkia kwamba mikono yangu ina ila. Hawakuwa na haja. Nikaanza kuamini, na nilitaka kujua moja: je, kiumbe kichanga kinaweza kuishi mikononi mwangu, au hakiwezi?

Mama wa mume wangu alikuwa mkunga. Mume wangu mwenyewe alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, akija mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi wawili tu. Nilipomfungulia kiganja aliruka nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Astaghfirullahi! Weye mwanamke una wazimu? Kitoe kitu hicho uani kwangu!"

"Mama, ni njiti, hajatimiza siku zake," nikamwambia.

Neno hilo lilimzuia asikimbie. Alichungulia kwa mbali, ameziba mdomo kwa leso, nikaona ukunga unashindana na woga usoni pake. Ukunga ukashinda.

"Njiti hutiwa kwenye sufi, akawekwa penye joto," alisema. "Lakini mimi simgusi. Sithubutu!"

Hivyo ndivyo alivyowalea njiti wote aliowapokea, na baadhi yao walikuwa watu wazima wenye ndevu pale kijijini. Nilichomoa sufi kwenye mto, nikaitandika ndani ya kifuu cha nazi, nikamlaza lumbwi, nikakiweka kifuu kando ya mafiga. Mama alisimama mlangoni akaniagiza nikisogeze zaidi. Nikakisogeza.

Asubuhi nilimkuta amekuwa wa kijivu kama jivu lenyewe. Ngozi imejikunja, kiini kimegandamana na sufi, miguu imekakamaa. Nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, kwa ajili ya lumbwi. Mama alikuja akainama karibu kuliko alivyopata kuinama.

"Moto umemkausha," akasema polepole.

Nilitoka naye mbio mpaka kwenye migomba, palipo na kivuli na unyevu. Nilimlaza juu ya jani bichi, nikachovya ncha ya unyasi kwenye maji, nikamdondoshea tone mdomoni, nikangoja, nikamdondoshea jingine. Sufi ilipolowa iliachia yenyewe. Kazi hiyo niliifanya mpaka adhuhuri, shingo inauma, muhogo umenisubiri bure. Ndipo mguu mmoja ulipofunguka ukashika uzi wa jani. Nikapiga kigelegele! Jirani akauliza kwa sauti ng'ambo ya ua, nani kaposwa?

Basi, siri haikufichika tena. Siku lori lilipokuja kuwachukua watu kwenda Kwale kutazama bendera mpya, wanawake walinipitia wamejitanda leso mpya, wanacheka.

"Wenzio tunakwenda kwenye Uhuru, weye unalea lumbwi!"

"Bendera nitaikuta hata mwezi ujao," nikawajibu. "Huyu sijui kama nitamkuta."

Niliwaonea wivu, sikatai. Lakini nilibaki. Kile kiini kiliingia tumboni kidogo kidogo, macho yakafunguka, kila moja likazunguka upande wake. Tatizo likawa chakula. Niliacha ndizi iliyoiva mno chini ya mgomba, vijinzi vikajaa, nikamshika lumbwi kwenye kijiti juu yake. Alivitazama tu. Mama, ambaye bado hakutaka kumgusa, alianza kuninyang'anya ndizi za kula. "Hiyo iache ioze, ni ya mgonjwa wako." Kila akirudi kutoka kuzalisha, kabla hata sijamwamkia shikamoo, aliniuliza, "Amekula?" Ila nilimwona amepungukiwa na maneno, yeye aliyekuwa akizungumza hata na kuku.

Siku alipokula, ulimi ulitoka ukarudi kabla sijaelewa kilichotokea. Kijinzi hakipo, na yeye anatafuna. Nilimwacha ale ashibe, kisha nikakipachika kijiti chake kwenye ua wa miyaa. Alitembea ule mwendo wao wa kuyumba mbele na nyuma, akaingia majanini. Alikuwa mzima, na alikuwa ametoka mikononi mwangu. Niligeuka nimwambie mama, nimejaa furaha.

Alikuwa ameketi kizingitini, mikono mapajani.

"Yule wetu," alisema, "midomo yake ilikuwa mikavu. Nikadhani ni baridi. Nikaongeza kuni." Akaigeuza mikono yake akaitazama, akasema, "Si mikono yako, mwanangu. Ni yangu."

Nilitaka kumpigia kelele. Mwaka mzima nimegeuziwa mabega, na yeye ameniona nikigeuziwa. Lakini mikono ile ilinikanda nilipokuwa sijiwezi, na ndiyo iliyomwosha mwanangu na kumvika sanda. Nilikaa chini kando yake nikaishika, nikiwa nimekasirika vilevile.